Mguu Namba 417 Katika Kaburi la Ambroise

Walionisoma juma lililopita waliniacha nimesimama kwenye gishe, dirisha la Kese, mtoto mgongoni, na aparei ya mguu wake iko upande wa pili wa wavu. Nilikuwa naiona. Vyuma viwili, mikanda ya ngozi, kiatu kidogo cheusi, na karatasi imefungwa kwa uzi: ADELINE. Ilitoka Kinshasa kwa ndege, ndani ya sanduku la mbao.

Kwa asiyejua habari yetu: mimi ni Kavira. Mume wangu Ambroise alikuwa mpakiaji wa lori. Lori lilipinduka kwenye mteremko wa Kasenyi, likamkata mguu wa kushoto. Kese ya Serikali, ile inayokata kidogo kwa mshahara wa kila mfanyakazi aliyeandikishwa, ikamlipia mguu wa mbao. Alitembea nao miaka minne, kisha homa ikamchukua. Akaniachia Adeline, ambaye polio ilimlaza mguu. Na Kese husaidia pia mtoto wa mfanyakazi aliyekufa. Ndiyo maana nilikuwa pale.

"Sitwayene Kavira," Lucien, karani wa gishe, aliniambia kwa lile neno la Serikali la kumwita raia, "aparei ya mutoto njo hii. Lakini dosie ya baba yake haiyafungwa. Mguu nimero 417 haiyarudi."

"Irudi namna gani? Mwenyewe alikufa."

"Mutu anakufa, mama. Mguu hapana. Ile ni ya Kese. Inarudi, fundi anaitengeneza, anaipatia mwengine. Kwa liste yangu batu makumi tatu wanangoja mguu."

"Na kama hairudi?"

"Siku ya posho ndege inarudi Kinshasa. Kitu yenye haikutoka inarudi nayo."

Posho, ndiyo Jumamosi. Siku ile ilikuwa Jumanne. Na masere, mtawa wa lopitali, alikuwa ameniambia bila kunificha: goti la Adeline limeanza kujikunja. Likikauka hivyo, hakuna chuma kitakacholinyoosha. Mtoto wangu atatambaa mpaka uzee.

"Sasa, mama, mguu iko wapi?" Lucien akauliza.

Juma lililopita sikuwajibu, yeye na nyinyi. Leo nitajibu, hata kama mtanicheka.

Mguu niliuzika mimi.

Kwao Ambroise, mtu hazikwi na pengo. Aliyekatwa mkono au mguu, wanamkatia kipande cha shina la mgomba, wanakipima na mguu mwingine, wanakitia ndani ya suruali, ili afike kwa baba zake akiwa mzima. Mama mkwe wangu, Véronique, alikuwa amekwisha kukata mgomba wake. Ameuosha vizuri, ameulaza juu ya jani.

Mimi nikakataa. "Mgomba? Mume wangu aende na kitu ya kuoza, na mguu yake iko hapa?"

"Ile ni kitu ya Serikali, mwanangu," Véronique akasema. "Iache."

"Serikali itamupeleka mbinguni?"

Nikamvalisha mwenyewe. Mikanda mitatu: kiunoni, pajani, chini ya paja. Niliikaza kama nilivyoikaza kila asubuhi miaka minne, na yeye ananitania, "Polepole, Kavira, miye si mbuzi ya kufunga." Kisha watu wa kanisa wakaniita nje nichague mbao. Niliporudi, sanduku lilikuwa limefungwa. Mama mkwe alikuwa peke yake naye, analia.

Wakati ule sikujua kusoma. Karte ya Kese ilikuwa kwangu picha na kashe, ule muhuri wa wino, tu. Baada ya kilio nikaanza masomo ya jioni kwenye parokia, na siku niliyoweza kusoma mstari mzima peke yangu, nilikuwa nimeshika ile karte. Nikaigeuza upande wa nyuma. Kidole chini ya neno, neno kwa neno: *Chombo ni mali ya Kese. Mwenyewe akifa, jamaa wakirudishe.*

Kitu cha kwanza nilichosoma duniani kilinihukumu.

Basi nikamwambia Lucien kweli yote. Alivua miwani.

"Mulizika mali ya Serikali, mama?"

"Nilizika mume wangu."

Hakuwa mtu mbaya, Lucien. Akafikiri, akavaa miwani tena. "Leta mguu. Ao leta prosè-verbal, karatasi ya ushahidi ya shefu wa kartie, na sinyatire ya batu wawili wa jamaa ya marehemu, wenye waliona mguu inaingia mu udongo. Nitafunga dosie. Lakini mbele ya posho."

Sahihi za watu wawili wa jamaa. Nikatoka nacheka peke yangu barabarani. Jamaa walikuwa wawili tu: Véronique, na Donatien.

Donatien ni kaka mkubwa wa Ambroise, muuza nyama wa soko. Mnamkumbuka. Ndiye aliyenivunjia mlango mwezi wa kilio, akachukua kitanda, redio na baiskeli. Lakini sasa nilikuwa namwomba wino tu.

Jumatano asubuhi nikaenda kwake, Ngezi. Véronique alikuwa uani anachambua maharagwe. Donatien alikuwa ananoa visu vyake kwa jiwe. Nikamweka Adeline chini kwenye mkeka, nikapiga magoti kama inavyostahili, nikaeleza.

Hakuacha kunoa.

"Juu ya nini unataka sinyatire?"

"Mutoto apate aparei, shemeji. Mutaandika tu kama mguu ilizikwa."

"Kisha shefu ataamini?"

"Labda atasema tufunue kaburi, aone. Sijui."

Kisu kikasimama.

"Umesema nini?"

"Nimesema sijui, shemeji."

"Umesema kufunua." Akasimama. "Mama, umesikia? Anataka kumuchimbula mudogo yangu sawa kiazi!"

"Donatien, keti," Véronique akasema.

"Ule dereva Xavier alipindua lori, akamukata Ambroise mguu moja, akapotea. Niliapa juu yake, na siku nitamuona vumbi itakunywa damu yake. Sasa weye unakuja kukata yenye ilibakia?"

"Shemeji, ni mutoto..."

Kofi la kwanza lilinilaza. La pili sikulisikia, niliona tu maharagwe yanaruka. Akanishika nywele, akaniinua, akanipiga kichwa kwenye nguzo ya jiko. Nikatema jino. Nikanyoosha mkono wa kushoto nijikinge, akachukua mchi wa kinu, akaupiga. Nilisikia mfupa wangu unasema *ka*, kama kuni.

"Sinyatire njo hii!" akapiga kelele. "Hii njo kashe!"

Nilikuwa nimekwisha kufunga macho, nangoja mchi urudi. Haukurudi. Donatien alitoa sauti kama ya nguruwe. Nikafungua macho: Adeline alikuwa ametambaa kutoka kwenye mkeka, amemshika mguu kwa mikono miwili, na meno yake yote yamezama kwenye nyama ya nyuma ya mguu.

"Mutoe! Mama, mutoe huyu mujusi!"

Akautupa mguu huku na huku, mtoto ananing'inia. Véronique ndiye aliyembandua. Damu ilikuwa kidevuni mwa mwanangu, si yake.

"Alipiga mama," Adeline akasema, kama mtu anayemweleza hakimu.

Donatien akachechemea ndani. Véronique akavua kitambaa chake cha kichwa, akanifunga mkono kwa kijiti cha kuni.

"Weka kidole chako kwa karatasi, mama," nikamwambia, "labda shefu atakubali mutu moja. Sema tu uliona. Uliona, si ndiyo?"

Hakuniangalia.

"Rudi kwako, Mama Adeline," akasema. "Usichimbe. Nakuomba. Usichimbe."

Nilidhani ni huruma ya mzazi. Hilo ndilo kosa langu la pili.

Alhamisi nikaenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu Michel, mkono shingoni, mdomo umevimba.

"Nani alikupiga?"

"Nilianguka, shefu."

"Ile nguzo yenye uliangukia, inauza nyama?" Watu wa baraza wakacheka. Kisha akawa mkali. "Hapana sinyatire ya jamaa, hapana prosè-verbal. Lakini naweza kuona na macho yangu. Kesho asubui. Tafuta muchimbaji. Mimi naleta jandarme, juu ya ule bwana wa nyama."

Jioni ile sikuenda shuleni. Nilimkanda Adeline goti kwa mafuta, kama masere alivyonionyesha. Nikalinyoosha polepole. Lilifika nusu, likakataa.

"Kile kiatu ni cheusi?" akaniuliza. Alikuwa ameuliza mara kumi.

"Cheusi kabisa."

"Kina kamba?"

"Kina kamba mbili."

"Nitajifunga miye mwenyewe."

Ijumaa asubuhi tulikuwa makaburini: mimi, Adeline mgongoni, mchimbaji, shefu Michel na daftari lake, na jandarme mmoja mwembamba mwenye bunduki ndefu. Udongo wa Ambroise ulikuwa umekwisha kushikamana. Miezi minane. Nilikuwa nimepanda pale maua ya njano. Mchimbaji aliyang'oa kwa jembe, pigo moja.

Mchimbaji alikuwa amefika kifuani, na jembe limekwisha kugonga mbao, Donatien alipotokea.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuja kati ya misalaba na panga mkononi, anachechemea, na nyuma yake Véronique anakimbia bila viatu, anaita, "Donatien! Donatien, juu ya maziwa yangu!"

"Simama!" jandarme akasema, akainua bunduki.

"Piga," Donatien akamwambia, na anaendelea kuja.

Jandarme hakupiga. Baadaye tulijua kwa nini: bunduki haikuwa na risasi tangu Krismasi.

Panga likamwendea mchimbaji aliye shimoni. Maskini akainua jembe, panga likakata mpini kama muwa, likashuka begani. Damu ikaruka juu ya udongo mbichi. Akapanda upande wa pili kwa mikono na magoti, akakimbia na hakuangalia nyuma. Donatien akanigeukia mimi.

Nikafungua kitenge haraka, nikampa Véronique mtoto. Kisha nikaruka ndani ya kaburi.

Msiniulize ni ujasiri gani. Sikuwa nao. Nilifikiri tu: kesho ni posho. Nikachukua lile jembe lililobaki kipande, nikaanza kupiga kifuniko kwa mkono mmoja.

"Toka mule!"

"Nikate!" nikamjibu. "Nikate, nizikwe hapa hapa, na weye utamubeba Adeline mgongoni maisha yako yote!"

Alishuka. Kaburi ni jembamba, hakupata nafasi ya kurusha panga. Akanipiga kwa mpini wake shavuni, mara mbili, nikaona giza jeupe. Shefu akamshika kola kutoka juu. Jandarme akaruka ndani, akageuza bunduki, akampiga kwa kitako kati ya mabega, na pigo la pili likamkosa likanipata mimi mgongoni. Tulikuwa watatu tunagombana juu ya mbao zilizooza. Mbao zikalia. Kifuniko kikavunjika.

Shefu akaachia kola ya Donatien.

Sitawaambia yote niliyoyaona. Alikuwa mume wangu. Nitawaambia suruali yake ya buluu tu, ile niliyoipiga pasi mwenyewe. Nikafunga pua kwa kitenge, nikatia mkono wangu mzima ndani ya mguu wa kushoto wa suruali, nitafute mbao, ngozi, chuma, kibati cha shaba chenye namba 417.

Mkono ukashika kitu chepesi. Nikavuta.

Zilikuwa nyuzi nyeusi, zimelowa. Nyuzi za mgomba.

Nikavuta tena. Nyuzi.

"Haiko," nikasema. "Shefu, haiko. Nilimuvalisha na hii mikono yangu, mikanda mitatu..."

Shefu Michel alikuwa ameinama juu ya shimo na kalamu yake. Uso wake ulibadilika, kama wa mtu aliyedanganywa mbele ya watu.

"Sitwayene. Uliniambia mguu iko mu kaburi."

"Ilikuwa mule!"

"Ulivunja kaburi ya mutu bure. Ao uliuza mali ya Serikali, kisha ukatafuta prosè-verbal ya kujificha." Akaandika kitu. "Jandarme, mushike."

Nikatafuta uso wa Donatien, nikangoja acheke. Hakucheka. Alikuwa ameketi, ameegemea ukuta wa udongo, panga limemwanguka, anatazama zile nyuzi mkononi mwangu, na mdomo wake uko wazi kama wa mtoto. Yeye pia aliamini mguu uko pale. Alikuwa tayari kuniua kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo.

Basi si yeye.

Na mbele ya sanduku kufungwa, mtu mmoja tu alibaki na Ambroise.

Nikainua macho. Véronique alikuwa amesimama ukingoni, Adeline kifuani, machozi yanashuka hadi kwenye nywele za mtoto.

"Mama," nikasema. "Ulikuwa umekwisha kukata mgomba."

"Ndiyo."

"Uliutia mule nilipotoka."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mguu iko wapi?"

Akamwangalia Donatien, kisha mimi, kisha mguu mdogo wa Adeline unaoning'inia. Nilimwona anachagua. Sijawahi kuona mtu mzee anavunjika hivyo.

"Iko inatembea," akasema.

"Namna gani?"

"Ambroise njo aliniomba. Mbele homa haiyamupeleka. Akasema: mama, siye wawili tulipinduka mu lori moja, wawili tulikatwa mguu ya kushoto siku moja. Mimi patro mwenye lori aliniandikisha, Kese ikanilipia. Mwenzangu patro hakumuandikisha. Yeye iko anatambaa mu shamba sawa nyama ya pori. Mimi nikienda, mumupatie yangu. Akasema nisikuambie, juu hautakubali. Akasema nisimuambie Donatien, juu..."

Akajikata katikati ya neno. Alikuwa amechelewa.

"Juu ya nini?" Donatien akauliza polepole. "Mwenzake nani, mama?"

Véronique akafunga mdomo kwa kiganja.

Ni mimi niliyeelewa kwanza, na nilitaka nisielewe. Mtu aliyekatwa katika lori lile. Hatukujua kama alikatwa. Donatien alituambia alikimbia, na mtu anayekimbia ana miguu miwili.

"Xavier," Donatien akasema. "Xavier iko anatembea na mguu ya mudogo yangu."

"Mwanangu, hakukimbia, walimubeba..."

"Fasi gani?"

"Donatien."

"FASI GANI, MAMA?"

Alipanda kutoka kaburini kama si mtu mzito. Alimshika mama yake koo, mama aliyemzaa, kwa mkono mmoja, na mtoto wangu kati yao anapiga kelele. Jandarme akamrukia. Donatien akamgeukia, akampiga kichwa usoni, pua ikapasuka, jandarme akaanguka juu yangu na bunduki yake tupu.

"Gety!" Véronique akalia. Hakupataja kwa ajili ya koo lake. Vidole vya yule mwanamume vilikuwa vimeanza kumbana Adeline. "Iko Gety, nyuma ya misioni! Muachie mutoto!"

Akaachia. Akaokota panga. Tukamsikia anakimbia kati ya misalaba, kile kishindo cha mguu mmoja mzito na mmoja mwepesi, palipopita meno ya mwanangu.

Shefu Michel alikuwa ameketi chini na daftari limejaa udongo. Hakukumbuka tena kunifunga.

"Ataua mutu," akasema.

"Ndiyo, shefu."

"Nitatafuta askari wengine. Wenye risasi."

"Mpaka saa ngapi?"

Akaanza kukung'uta udongo kwenye daftari.

Nikatoka shimoni. Véronique akanishika mkono ule mzima. "Kavira, usiende. Ile mguu ni uhai ya Xavier. Sasa analima. Alioa. Anatembea kanisani na mguu yake."

Nikamwangalia Adeline. Alikuwa amekwisha kunyamaza, anajipapasa mbavu, anangoja nimwambie kiatu ni cheusi.

Nitawaambia ukweli, kwa sababu nimekuja hapa kusema ukweli. Sikujua naenda Gety kumwokoa Xavier au kumvua mguu. Mikanda mitatu. Nilijua kuifungua nikiwa nimefumba macho.

"Kaa na mutoto, mama," nikasema.

Ijumaa ni siku ya soko la Gety, na malori hungoja mafuta kwenye njia panda. Nilifika nikihema, damu imekauka shavuni, udongo wa mume wangu kwenye magoti. Moja tu lilikuwa bado, injini inaunguruma, limejaa magunia ya chumvi na wanawake wa soko.

"Gety?" nikamwuliza dereva.

"Gety. Panda haraka, mama, tunaenda."

Wanawake walikuwa wamesogea wote upande mmoja wa lori. Nilidhani ni kwa ajili ya harufu yangu. Nikashika ubao, nikainua kichwa.

Upande wa pili, peke yake juu ya gunia, Donatien alikuwa ameketi, panga limelazwa magotini, amefunga kitambaa pale alipoumwa. Aliniangalia muda mrefu. Kisha akasogea kidogo, akapiga gunia kwa kiganja, kama mtu anayemkaribisha mgeni wa heshima.

"Panda, shemeji," akasema. "Weye unahitaji mguu. Mimi nahitaji yenye inabakia juu yake."

Dereva akapiga honi.

Nikaweka mguu juu ya gurudumu, nikapanda.